Pedali ya Kushoto

2 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mdogo mu wazima, na kwamba vipuri bado havijahamia chumbani kwenu kama mama mdogo alivyokuwa akihofia. Sikupigii simu, sababu unaijua mwenyewe. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akatoka kuuliza nani kafa, na wewe ukanijibu kwamba ndiyo, mvua imenyesha. Tuendelee na barua zetu.

Nina swali la pedali. Mbio za mchujo ni tarehe 29 Machi, kwenye ule mlima wa misonobari ulionipeleka zamani, na safari hii wanachukua wanawake wanne tu kwenye timu. Kocha ameniita ofisini akaniambia bila kupepesa macho kwamba kwa umri wangu ni mwaka huu au basi. Baba mdogo, tangu utotoni sijui kufanya kitu kingine ila kupanda na kushuka milima kwa baiskeli. Nikiikosa hii nafasi sijui nitakuwa naamka asubuhi nifanye nini.

Natumia bado zile pedali za springi, zinazokinasa kiatu na zina kiskrubu cha kukaza na kulegeza. Siku hizi mguu wa kushoto unachelewa kutoka. Nageuza kisigino kwenda nje kama ulivyonifundisha, na pedali inanishikilia kidogo kabla ya kuniachia. Wenzangu wawili hapa kambini wamehamia zile za mabawa, zisizo na skrubu, ambazo kiatu kinaingia pande zote nne. Wanasema hata tope likijaa linadondoka lenyewe. Nihamie huko au nibaki? Nijibu upesi. Mimi mzima kabisa, usianze kuwaza mambo.

Mwanao,
Kiroboto


9 Februari

Kiroboto wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Vipuri viko sebuleni, chumbani bado, ingawa kuna rimu moja imejificha chini ya kitanda na mama yako mdogo hajaiona.

Za mabawa! Nilijua tu siku moja utaniletea hayo. Kwenye tope ni nzuri, sina ubishi. Lakini mguu unayumba ndani yake kama mlevi kabla haujatoka, na lazima ugeuze kisigino mbali zaidi. Ukitaka kukaza au kulegeza, hakuna pa kushika. Ya springi unaiambia unavyotaka, inasikia.

Mguu kuchelewa kutoka kuna sababu mbili tu. Ama kile kichuma cha chini ya kiatu kinachonaswa na pedali kimelika, au wewe umeanza kuogopa. Kichuma nakutumia kipya, na cha zamani usikitupe. Woga dawa yake ni kukaza. Usicheke. Mtu mwenye springi iliyolegea anapanda huku amebana vidole kwa hofu ya kuchomoka, na mguu uliobana hautoki vizuri. Kaza springi ya kushoto, panda kwa raha zako, na mguu utatoka ukiuambia.

Na usisahau lile la kwanza kabla ya yote: kushuka ni kushoto. Mnyororo uko kulia, na mimi sikulea watoto wa kutembea na suruali zenye grisi. Wote waliopita mikononi mwangu, ukiwaona wamesimama kwenye taa za barabarani, mguu wa kushoto ndio uko chini. Huwa nawatambua hivyo hivyo, kwa mguu, hata kama sura nimeisahau.

Mama yako mdogo anauliza kama unakula.

Baba yako mdogo


20 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Nilikaza kama ulivyosema. Jana nimeanguka getini mwa kambi, baiskeli ikiwa imesimama kabisa, mbele ya wapishi. Nilisimama, nikaegemea kushoto, mguu ukagoma, nikaenda chini mzima mzima. Walicheka mpaka wakakaa. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Nilikudanganya. Siogopi, na kichuma hakijalika. Mguu wangu umekufa.

Mwezi wa kumi na moja niliangukia jiwe nikagonga goti la kushoto kwa pembeni. Kidonda kidogo tu, hata hakikushonwa. Baadaye nikaona vidole vya mguu havinyanyuki. Nikivua kiatu, mguu unaning'inia kama soksi iliyolowa. Nilikwenda kwa siri kwa daktari wa mjini, si wa timu. Akasema neva inayopita pembeni ya goti imeumia. Inaweza kurudi, inaweza isirudi, na nikiigonga tena niisahau. Akaniambia niache baiskeli. Nikasema asante daktari, nikatoka nje, nikapanda baiskeli.

Hapa hakuna anayejua. Navaa buti refu nalifunga sana, najifanya natembea polepole kwa maringo. Kwenye ngazi nasubiri wenzangu watangulie. Daktari wa timu akigundua ananifuta siku hiyohiyo, na hata sitaweza kumlaumu.

Kwa hiyo sikuulizi tena pedali ipi ni nzuri. Nakuuliza ni ipi itakayomwachia mtu asiyeweza kugeuza kisigino. Siku hizi nageuza paja zima kutoka kiunoni, na kisigino kinafuata kikitaka. Nisaidie baba mdogo, maji yamenifika shingoni. Na usimwambie mtu, hata mama mdogo.

Kiroboto


27 Februari

Kiroboto,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nimekwenda nyuma ya karakana nikakaa juu ya tairi. Mama yako mdogo ameniuliza nina nini, nikamwambia tumbo. Mimi ndiye niliyekwambia ukaze. Nimemkazia mtoto wangu mtego, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Vua hizo pedali leo. Funga bapa, zile za kawaida zenye meno madogo ya kushika soli. Mguu ukitaka kutoka unatoka, hauombi ruhusa. Halafu nenda kwa daktari wa timu umwambie yote. Halafu panda basi uje nyumbani. Timu ni nini? Ni watu waliovaa fulana za rangi moja. Baba yako aliponikabidhi wewe akiwa kitandani mahututi hakuniambia nikupeleke kwenye timu. Aliniambia nikutunze.

Ile njia naijua. Kule chini kabla ya mto ni mawe matupu. Aliyenaswa mguu pale haanguki, anavunjika. Sikutumii pedali yoyote wala kichuma chochote. Ukikasirika, kasirika.

Baba yako mdogo


6 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimekasirika.

Nimefunga bapa kama ulivyoamuru. Kwenye mizizi ya kwanza tu mguu wa kushoto ulidondoka, pedali ikazunguka ikanichana muundi mpaka nikaona weupe wa mfupa. Mguu usionyanyuka haukai juu ya pedali bapa, baba mdogo, hata uwe na meno ya mamba. Nikaazima za mabawa za mwenzangu. Kule kuyumba kwake, kwa mwenye mguu mzima ni raha. Mimi sijui kama niko ndani au nje, na nikigeuza paja, nguvu zinaniishia kabla pedali haijafika mahali pa kuniachia. Nilizunguka uwanja nikitafuta ukuta wa kuegemea huku napunga mkono kama mtu anayefurahia mazoezi.

Sasa nikwambie kitu usichokijua, mwalimu wangu. Nikiwa nimenaswa kwenye springi, mguu huu ni mzima. Pedali inauinua, inaushusha, inaurudisha juu. Kwenye kilima cha mwisho nimempita kila mwanamke wa kambi hii. Chini mimi ni kiwete. Juu ya baiskeli hakuna anayenisogelea. Na wewe unataka nishuke, nije nikae karakanani kwako niwe naosha minyororo, na kila mteja aniulize mguu una nini.

Sina pengine pa kwenda ambapo mimi ni mtu mzima. Unanielewa? Nitashiriki kwa msaada wako au bila msaada wako, tofauti yake ni jinsi nitakavyoanguka. Nakupigia magoti, na moja unajua lilivyo.

Kiroboto


14 Machi

Kiroboto,

Umenishinda. Wala usifurahi, hakuna aliyefurahi hapa.

Bahasha hii ina kichuma cha kiatu cha kushoto. Kulia baki na chako. Rudi kwenye springi. Hiki ni cha aina inayoachia ukigeuza kisigino nje au ndani, vyovyote paja lako litakavyoweza. Ukivuta juu hakichomoki, kwa hiyo kilimani usiwe na wasiwasi. Kifunge tu, usianze kukichunguza, nimeshakijaribu.

Lakini kazi kubwa si kichuma. Kazi kubwa ni kulia. Mimi nilikufundisha kushukia kushoto, na kushoto ndiko uliko mguu usiokutii. Mwili ukishtuka hauulizi mtu, unakwenda ulikozoea. Ndiyo maana ulianguka pale getini. Sasa lazima nikufundishe upya kwa barua, na Mungu anisamehe, yote yale yalikuwa kwa ajili ya suruali.

Funga kitambaa chekundu kwenye usukani, upande wa kulia. Kila mti, kila mlango, kila mtu anayekusalimia, simama, egemea kulia, mguu wa kulia chini. Shuka kitandani kwa kulia hata kama kuna ukuta, sogeza kitanda. Ukisimama kwenye foleni ya chakula uzito uwe kulia. Usipumzike hata siku moja. Suruali ijae grisi, nitakununulia nyingine. Nataka usiku uote unashukia kulia.

Mama yako mdogo anasema siku hizi nazungumza peke yangu. Nimemwambia napiga hesabu.

Baba yako mdogo


27 Machi

Baba mdogo,

Leo sikuamkii.

Asubuhi nimekifungua kichuma chako ili nikisafishe. Mdomo wa nyuma, ule unaoshikwa na springi, umepigwa tupa. Ukapaka na rangi nyeusi juu yake nisione. Nimekua nikichuchumaa chini ya meza yako ya kazi, ulidhani sitaijua tupa yako? Ina jino moja limevunjika na huacha mstari. Nilikuwa siamini, nikaenda kilimani, nikavuta kwa nguvu zangu zote kama nitakavyovuta keshokutwa. Mguu ukachomoka.

Ulitaka nichomoke kule juu, mbele ya watu wote, nibaki nyuma, nirudi kwako salama salimini na nisijue ni kwa nini. Ungenipokea stendi ukaniambia pole mwanangu, mashindano ndivyo yalivyo. Ningekushukuru! Ningelia begani kwako!

Nimekitoa. Nimerudisha kile cha zamani, na springi nimeikaza kama ulivyonifundisha kwenye barua yako ya kwanza. Kitambaa chekundu nimefunga, nimefanya yote, hata kitanda nimesogeza. Jana mbwa alikatiza nikashtuka, na nimeangukia kushoto. Kila nikishtuka ni kushoto. Umenifundisha vizuri mno.

Simu zetu kocha amezikusanya leo. Usijibu, haitafika.

K.


31 Machi

Kiroboto,

Barua yako imenifikia leo mchana. Mashindano yalikuwa juzi. Nakuandikia na sijui namwandikia nani.

Nimempa jirani simu akupigie. Anasema haipatikani. Nikamwambia piga tena, akapiga, piga tena, mpaka ameniomba ruhusa akale. Nimekwenda posta kuuliza kama kuna telegramu, yule dada wa dirishani akaniangalia kama mtu aliyefufuka. Hakuna anayejua chochote. Redio inazungumza habari za mpira.

Ndiyo, nilikipiga tupa. Nilikiweka mezani kikiwa kipya, nikasema nitakifunga kwenye bahasha, na mkono ukakataa. Nilikuona uko kwenye yale mawe umenaswa. Nikachukua tupa. Nilifikiri, akikosa nafasi atalia mwaka mmoja, miwili, lakini atakuwa analia akiwa hai. Na kukwambia sikuweza kwa sababu ungekitoa, kama ulivyokitoa. Sikuoni una kosa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, na matusi juu.

Mama yako mdogo nimemwambia yote. Amepakia begi na anakuja kwa basi la alfajiri, mimi amenikataza, anasema kwa masikio haya nitapotea stendi awe na wagonjwa wawili wa kutafuta. Barua hii anakuja nayo mkononi. Hata yeye hajui atashukia wapi, kambini au hospitali.

Kama umepona, nichukie muda wowote unaotaka, nakuruhusu. Ila mwambie mama yako mdogo anipigie hata kama sisikii. Nitaishika simu tu. Ikitetemeka mkononi nitajua upo.

Na kama


4 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo amefika, na barua yako nimeisoma nimekaa kwenye kiti. Amekupigia juzi, natumaini ulitetemekewa.

Nilikuwa wa tatu. Naliandika hilo kwanza ili ulijue. Kilimani mguu haukuchomoka, nilivuta mpaka macho yakaona giza, na nikawapita mmoja baada ya mwingine. Mbele yangu waliobaki ni wawili tu. Wa pili alikuwa msichana mmoja mrefu, mgeni kambini, mwenye pedali za mabawa. Tukashuka kwenye yale mawe yako, mimi nyuma yake, na kitambaa chekundu kinapepea upande wa kulia.

Pale mtoni gurudumu lake la mbele likanasa. Akaenda kichwa mbele, baiskeli ikamlalia mgongoni, miguu yote miwili bado imenaswa kwenye pedali. Maji yalikuwa ya magotini tu, lakini yeye uso ulikuwa chini. Upande wa kulia kulikuwa na nafasi ya kupita, pana, hata mtoto angepita. Niliiona. Nilikuwa nimeshashika breki kabla sijaamua kitu.

Nikasimama, na nikaangukia kushoto. Mazoezi yote yale, baba mdogo, na nikaangukia kushoto. Nikawa nimelala majini na mguu uko kwenye pedali, yeye yuko karibu kiasi cha kumgusa kisigino, na siwezi kwenda. Nikageuza paja, wapi. Nikageuza tena nikasikia goti linalia. Nikapiga ukelele, sijui nilisema nini, nadhani nilikuita wewe. Ndipo nikakumbuka kwamba mguu na kiatu ni vitu viwili. Nikafungua mikanda ya kiatu, nikauvuta mguu kwa mikono yangu miwili ukatoka. Kiatu kilibaki kwenye pedali. Nikatambaa, nikamwinua kichwa.

Alitapika maji, akapumua, akaniuliza amekuwa wa ngapi.

Walitupita wote hapohapo, kila mtu anapiga kelele za kuita msaada na anakwenda zake, na siwalaumu. Daktari wa timu akateremka mbio. Alipomaliza na yule mrefu akaniambia simama nikuone. Nikasimama, mguu peku, unaning'inia mbele yake. Akasema nyanyua vidole. Nikamwambia siwezi. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Jioni ileile jina langu likafutwa, na kocha akaja mwenyewe kuchukua fulana, akaikunja vizuri akaondoka nayo.

Watu wananisifu. Yule mrefu amekuja na mama yake, mama akanishika mikono akalia. Sitaki hizo sifa. Niliitaka ile nafasi, baba mdogo, na bado naitaka sasa hivi ninapokuandikia. Nikifumba macho napita kulia kwake, njia nyeupe, nakwenda, na sigeuki nyuma. Nimeipita hivyo mara nyingi tangu siku ile. Mama mdogo anasema ni mshtuko utaisha. Mimi sidhani kama ni mshtuko.

Halafu nafikiri jambo jingine. Ningefunga kile chako cha tupa ningechomoka kule juu, ningebaki nyuma kabisa, na yeye angeyanywa yale maji peke yake. Sikwambii hivyo kukusuta. Wala sijakusamehe, hilo nalo ulijue, nitakusamehe nikiwa tayari. Lakini nimelia niliposoma ile barua yako isiyo na mwisho.

Goti limevimba. Daktari anasema neva tusiitegemee tena.

Leo asubuhi, mama mdogo akiwa anafunga mizigo yangu, niliomba baiskeli nizunguke uani mara ya mwisho. Nilifunga kile kichuma chako, sikuwa na cha kupoteza. Nikazunguka polepole, nikafika getini, pale pa wapishi. Mmoja akatoka ghafla na ndoo mbele yangu, nikashtuka, nikasimama. Nilipoangalia chini, mguu wa kulia ndio uko ardhini. Sikuwaza hata kidogo. Ulikwenda wenyewe.

Wapishi safari hii hawakucheka, maana nilikuwa nalia kwa sauti.

Tunafika kesho jioni. Usije stendi, utapotea. Suruali nakuja nayo na grisi yake, nimemkataza mama mdogo kuifua.

Mwanao,
Kiroboto